Bastola za zamani: kutoka Mwele 1895 hadi Mwele 1916, na ile niliyoichagua mimi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na naomba radhi. Kazi zilinizidi, na umeme wa huku Tiwi mnaujua wenyewe. Lakini sikukaa bure. Kuna jambo nimekuwa nikilichimba usiku baada ya kazi, na leo nataka tuliongee kwa kirefu, kwa hiyo jitayarishie chai kabisa.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Binamu yangu ni mwalimu, na aliniomba nimtengenezee mchezo mdogo wa kompyuta wa kuwafundisha wanafunzi historia ya Kwale. Tukachagua vita vya Mwele. Nikaanza kuandika programu, nikachora vilima, nikachora minazi, nikachora askari. Kisha nikafika kwenye mkono wa ofisa: ashike bastola gani? Simu za wanafunzi ni za bei nafuu, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuweka bastola moja tu iliyochorwa vizuri. Moja! Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na kusoma kukawa ugonjwa.

Kwanza historia yenyewe, maana wengi tunapita barabara ya Ukunda kila siku bila kuijua.

Mwele mara mbili

Mwele ni kilima kilicho bara ya Gazi, huku huku Kwale. Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, alikuwa na ngome yake huko. Tarehe 17 Agosti 1895 Waingereza walipanda na jeshi chini ya Admirali Rawson wakaiteka. Mbaruk mwenyewe aliponyoka, na mwaka uliofuata akavuka upande wa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Mara ya pili ni Vita Kuu ya Kwanza. Oktoba 1914 Wajerumani walishambulia Gazi wakarudishwa nyuma. Miongoni mwa waliowazuia walikuwa Waarabu wa pwani walioandikishwa na Mwingereza mmoja, Arthur Wavell, aliyekuwa na shamba la katani karibu na Mombasa. Huyu bwana alikuwa na vituko vyake: mwaka 1908 alikwenda Makka akijifanya Mzanzibari! Tarehe 9 Januari 1916 aliuawa Mwele pamoja na askari wake wengi.

Sasa angalieni. Kilima ni kile kile, na kati ya vita viwili imepita miaka 20 na miezi michache. Mwaka 1895 ofisa wa Kiingereza alipanda Mwele na rivolva, yaani bastola yenye gurudumu la risasi linalozunguka. Jeshi lao lilikuwa likitumia Webley tangu 1887. Kufikia 1916 dunia ilikuwa imejaa bastola za aina mpya kabisa, za semi-otomatiki. Ofisa wa Kiingereza aliruhusiwa kujinunulia bastola yake, mradi iwe inapiga risasi za jeshi. Wajerumani wa upande wa pili walikuwa na zao. Kwa sisi watu wa teknolojia, miaka ile 20 ni kama miaka ya mwanzo ya intaneti: kila mtu alikuja na wazo lake, na hakuna aliyejua lipi litabaki.

Semi-otomatiki ni nini hasa?

Tuelewane kwanza. Risasi ikilipuka, nguvu inayosukuma kichwa cha risasi mbele husukuma pia nyuma. Ndiyo lile teke ambalo mpigaji hulisikia mkononi. Kwenye rivolva nguvu hiyo hupotea bure, na gurudumu huzungushwa na kidole chako mwenyewe. Kwenye semi-otomatiki, teke hilo hufanyishwa kazi: linatoa ganda tupu, linakaza springi, na springi ikirudi inasukuma risasi nyingine mahali pake. Triga ikivutwa mara moja, hutoka risasi moja. Ikiachwa na kuvutwa tena, hutoka nyingine.

Ukiwa mtunzi wa programu utaliona hili mara moja: ni kitanzi. Piga, toa, kaza, jaza, subiri. Matokeo ya hatua ya kwanza ndiyo chakula cha hatua ya pili. Na kama ilivyo kwa kitanzi chochote, hatua moja ikikwama, yote imekwama.

Nilijiwekea vipimo vitatu. Je, inavumilia vumbi na unyevu? (Pwani yetu hii hata bawaba ya mlango inaliwa na chumvi.) Je, imeundwa kwa urahisi au kwa mbwembwe? Na je, imewaachia nini waliokuja nyuma yake? Haya, twende moja moja.

1. Borchardt C93

Hugo Borchardt aliitoa mwaka 1893 huko Berlin, katika kiwanda cha Ludwig Loewe. Aliiga wazo la bunduki ya Maxim: kipande cha chuma kinachokunjika kama goti. Goti likinyooka linafunga mlango wa risasi, likikunjika linaufungua. Aliweka pia magazini ndani ya mpini, jambo tunaloliona la kawaida leo. Lakini ilikuwa kubwa na nzito, na imechomoza nyuma utadhani imebeba mzigo. Naiita toleo la majaribio: wazo zuri, mtumiaji kasahaulika.

2. Mauser C96

Hii utaijua hata kama hujui kuwa unaijua. Imejaa kwenye sinema. Ina mtutu mrefu, magazini iko mbele ya triga, na mpini wake ni wa mviringo hata Waingereza wakaubandika jina la mpini wa ufagio. Iliundwa na ndugu wa familia ya Feederle waliokuwa wakifanya kazi kwa Mauser, na ikatengenezwa kuanzia 1896 hadi miaka ya 1930. Ala yake ilikuwa ya mbao, na ungeweza kuichomeka nyuma ya mpini ikawa kitako cha bunduki. Winston Churchill alikuwa nayo Omdurman, Sudan, Septemba 1898. Bega lake lilikuwa bovu na upanga haukumfaa.

Kitu kilichoniua mimi ni ndani yake. Bastola nzima ina skrubu moja tu, ya kushikilia mbao za mpini! Vipande vingine vyote vinafungana vyenyewe kwa vyenyewe kama fumbo. Nilitazama michoro yake hadi saa nane za usiku. Ni akili tupu. Lakini akili hiyo ina gharama: kila kipande lazima kichongwe kwa usahihi mkubwa, na kujaza ni kwa ukanda wa risasi 10 unaozisukuma kutoka juu. Ni kama ile programu iliyoandikwa na mtu mwerevu sana: inafanya kazi vizuri, ila hakuna mwingine anayetaka kuirekebisha.

3. Luger

Georg Luger alichukua goti la Borchardt akalirekebisha. Uswisi ikainunua mwaka 1900, jeshi la majini la Ujerumani likafuata 1904, na jeshi la nchi kavu 1908. Ndiyo maana inaitwa pia P08. Meli ya Königsberg, iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, ilikuwa ya jeshi hilo la majini. Mabaharia wake waliungana na Lettow-Vorbeck wakapigana nchi kavu. (Ukienda Fort Jesus kuna mzinga wa meli hiyo pale nje. Wengi hupiga nao picha bila kujua ulikotoka.)

Kwa uzuri, Luger haina mpinzani. Mpini umelala kwa pembe inayofuata mkono, na lile goti linaporuka juu na kurudi ni kama panzi. Ndiyo niliyoichora kwanza kwenye mchezo, nawaambia ukweli. Tatizo ni kwamba goti hilo liko wazi kwa vumbi, na linataka risasi zenye nguvu ile ile kila mara. Risasi ikiwa dhaifu kidogo, kitanzi kinakatika. Tena ilikuwa ghali, na Ujerumani ikaanza kuibadilisha mwaka 1938 kwa Walther P38.

Lakini Luger aliacha kitu kikubwa kuliko bastola yake. Mwaka 1902 alileta risasi ya milimita 9, ile ya Parabellum. Risasi hiyo ndiyo inayotumika kwenye bastola nyingi za majeshi na polisi hadi leo! Mashine ilikufa, kiwango kikabaki. Ni sawa na kompyuta zilizobuniwa nazo barua pepe: ziko wapi leo? Barua pepe yenyewe ipo.

4. FN Browning 1900

John Browning alikuwa mtoto wa fundi bunduki kutoka Ogden, Utah, Marekani. Julai 1897 alitia saini na kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, na baada ya miaka michache ikatoka bastola ndogo, bapa, inayoingia mfukoni. Inabeba risasi 7 za milimita 7.65. Ukiiweka karibu na Luger utaicheka. Haina goti wala fumbo. Juu ya mtutu kuna chuma kinachoteleza nyuma na mbele, basi. Chuma hicho ndicho slaidi.

Ngojeni kidogo hapo. Slaidi! Hii ndiyo bastola ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa na slaidi. Tazama bastola yoyote ya leo, kwenye mkanda wa askari yeyote, iwe Ukunda, Dar au New York: chuma kile cha juu kinachovutwa nyuma kilianzia hapa. Tena springi ile ile inayorudisha slaidi ndiyo iliyosukuma pini ya kugonga risasi. Springi moja, kazi mbili. Hakuna kufuli la kuufunga mtutu, uzito wa slaidi wenyewe unatosha kwa risasi ndogo kama ile. Browning alitoa vitu mpaka kikabaki kile tu kisichoweza kutolewa.

5. Colt 1911

Risasi kubwa zinahitaji kufuli, na Browning akalipata: mtutu unaoinama kidogo. Slaidi na mtutu vinarudi pamoja, kisha mtutu unashuka nyuma na kuachana na slaidi. Machi 1911 bastola hii ilijaribiwa kwa risasi 6,000. Ilipopata moto sana ilichovywa majini, kisha ikaendelea. Haikukwama hata mara moja. Jeshi la Marekani likaichukua tarehe 29 Machi 1911 na kubaki nayo hadi 1985. Miaka 74! Nionyesheni programu iliyofanya hivyo.

6. Browning Hi-Power na Ceska

Hizi hazikuwahi Mwele, ila bila hizo hadithi haijakamilika. Browning alifariki kwenye kiwanda cha FN mwaka 1926 kazi ikiwa bado, na Mbelgiji Dieudonné Saive akaimalizia. Hi-Power ilitoka 1935, ikibeba risasi 13 za Parabellum. Ndoa ya mtutu wa Browning na risasi ya Luger! FN walisimamisha kuitengeneza mwaka 2018.

Ceska je? Msomaji wa magazeti ya Kenya hahitaji kuambiwa, jina hilo halikosi kwenye habari za uhalifu na za polisi. Kirefu chake ni Česká zbrojovka, kiwanda cha Chekoslovakia ya zamani. CZ 75 iliyoundwa na ndugu wawili wa familia ya Koucký ilitoka mwaka 1975, nayo pia ina mtutu unaoinama na risasi ya milimita 9. Mwili ni mpya, damu ni ile ile.

Chaguo langu

Kwa uzuri nampa Luger. Kwa akili nampa Mauser. Kwa uvumilivu, Colt. Lakini chaguo langu ni FN Browning 1900. Ndiyo, ile ndogo ya kuchekwa! Ni kwa sababu ya kipimo cha tatu. Wenzake wengi wa wakati ule walikuwa mwisho wa njia, yeye alikuwa mwanzo. Mwenye kupenda kazi safi hawezi kuipita.

Nilifurahi kwelikweli. Siku ya Ijumaa baada ya swala nikaenda kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, kumwonyesha. Sisi Wadigo mjomba si mtu wa kupitwa kwenye jambo kama hili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Haya, nionyeshe hicho ulichokesha nacho."

Nikamwonyesha. Nikamweleza slaidi, springi, kitanzi, vyote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hii unayoisifu kuwa ndogo, inaingia mfukoni, ilitumika wapi?"

Nilijua jibu, kwa sababu nilikuwa nimelisoma. Mwaka 1904 aliuawa nayo gavana wa Urusi huko Finland, Bobrikov. Mwaka 1909 aliuawa nayo Ito Hirobumi wa Japani kwenye stesheni ya Harbin. Na mdogo wake, FN ya 1910, ndiyo aliyokuwa nayo Gavrilo Princip huko Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Risasi zile ndizo zilizoanzisha vita vilivyofika Gazi miezi minne haikutimia. Nilimwambia yote hayo.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na wale wa Likoni, kwani waliuliza aina?"

Kwa msomaji wa mbali: usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la wavamizi lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari polisi na kuchukua zaidi ya bunduki 40. Ilikuwa miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu. Machafuko yakashuka kusini, yakatufikia Tiwi, Diani na Ukunda. Watu zaidi ya 100 walikufa, maelfu kwa maelfu wakahama, wengi wao watu wa bara waliokuwa majirani zetu. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza, na ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka 2002. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka duka la jirani lililokuwa likiniuzia peremende, asubuhi moja limefungwa na mwenyewe hakurudi tena. Mjomba alikuwa kijana, akalala msituni siku kadhaa akiogopa pande zote mbili.

Hakusema zaidi, na hakunikataza. Nilirudi nyumbani nikafungua kompyuta, nikaona kitu ambacho sikukiona wiki zote zile. Kila sifa niliyoipa ile bastola (ndogo, rahisi, haikwami, haina mbwembwe) ni sifa pia machoni pa mwuaji. Wepesi wa kutumia haubagui mtumiaji. Sisi watunzi wa programu tunapenda kusema tumerahisisha jambo, tunasahau kuuliza tumelirahisisha kwa nani. Niliandika vipimo vitatu na hakuna hata kimoja kilichouliza nani ataishika.

Je, nimebadili chaguo? Hapana, sitawadanganya. Kama kazi ya ufundi, FN 1900 bado ni ya kwanza kwangu, na sioni haya kusema Browning alikuwa bingwa. Lakini mchezo nimeubadilisha. Nimeondoa sehemu ya kufyatua. Sasa mwanafunzi anapanda kilima, anakutana na watu wa 1895, kisha wa 1916, na kwenye kila kituo anaweza kukifungua kifaa kimoja akaona kinavyofanya kazi ndani: saa ya ofisa, simu ya upepo, mzinga, bastola. Slaidi inarudi nyuma polepole, springi inakaza, ganda linatoka, na pembeni kunaandikwa tarehe za Bobrikov, Harbin na Sarajevo. Binamu yangu aliogopa watoto watachoka bila kupiga risasi. Tulijaribu na watano: wawili walichoka, watatu walikaa nayo saa nzima wakaomba kufungua mzinga tena. Kwangu hiyo inatosha kuendelea.

Juzi nimempelekea mjomba toleo jipya. Aliishika simu mbali na macho kama kawaida yake, akapanda kilima chote kwa kidole, akaifungua bastola, akaifunga. Nikamsubiri.

"Hapa sawa," akasema. "Lakini Mwele umeifanya fupi. Mimi nimepanda pale kwa miguu. Irefushe."

Basi ndiyo kazi ninayorudi kuifanya usiku huu, kama umeme utaniruhusu. Kwa leo naishia hapa. Nawatakia wiki njema, na mkipita Fort Jesus, uangalieni ule mzinga vizuri.